Chai Ambayo Nesi Hakuinywa

Kwa Nesi, Jumapili mchana baada ya ibada, kila mtu alivua viatu mlangoni, akatafuta pa kukaa, akanyamaza. Mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la mkaa, bado na gauni la kanisani, sweta juu yake, khanga juu ya sweta, miwani imeshuka puani, macho kwenye televisheni. Ukichelewa alikunyooshea kidole pa kukaa bila kukugeukia. Yalikuwa marudio ya kile kipindi cha nyumba: vijana kumi na wawili wamefungiwa ndani, kamera kila kona, wanapika, wanagombana, wanapendana, wanasalitiana, na kila wiki mmoja anatolewa kwa kura za watazamaji.

Nilipanga chumba uani kwake, mtaa wa Ramadhani, kwa miaka sita. Nilikuwa nimetoka kwetu Iwawa kuja kufanya kazi katika steshenari moja karibu na stendi ya Njombe, kuchapa barua za watu na kutoa kopi. Yeye alikuwa mkunga aliyestaafu, lakini hakuna aliyemwita mkunga wala mstaafu. Alikuwa Nesi tu, hata kwa watoto wasiojua nesi ni kazi.

Alikuwa mtu wa siri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Siku moja tulikuwa sokoni, akatokea mfanyabiashara wa mbao, mtu mkubwa, mwenye malori yake, watu wakimpisha njia. Alipomwona Nesi alivua kofia.

"Kamwene, Nesi."

"Kamwene. Kichwa chako wewe kilinisumbua sana."

Watu wakacheka, naye akacheka kwa aibu kama mtoto wa darasa la pili. Njiani nilimuuliza Nesi siku aliyomzalisha bwana huyo ilikuwaje. Akasema, "Alizaliwa." Basi. Nilikuja kusikia kwa wengine kwamba mama wa yule bwana alikuwa ametamka jina la mwanamume asiye mumewe pale kitandani, na wodi nzima ilisikia. Nesi ndiye aliyekuwa amemshika mkono, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulirudia jina hilo hata kwa kukosea.

Umbea aliuchukia waziwazi. Jirani yetu Mama Faraja, mwenye genge la mboga, akianza tu, "Mmesikia ya yule binti wa kwa…", Nesi aliinuka kwenda kuangalia sufuria jikoni, na hakurudi mpaka habari iishe. Wakati mwingine jikoni hapakuwa na sufuria yoyote.

Lakini mtu huyohuyo, Jumapili, mbele ya kioo cha televisheni, alikuwa mwingine kabisa.

"Yule dada wa nywele nyekundu anadanganya. Tazameni shingo yake akiongea."

"Nesi!" Mama Faraja alikuwa akishangaa kila mara.

"Huyu kaka naye analia kwa macho tu, mabega hayatikisiki. Mtu anayelia kweli hulia na mabega. Binti, chukua simu yangu, mtoe huyu. Piga kura."

Nami niliandika ujumbe, nikautuma, yule kaka akatoka wiki iliyofuata, na Nesi akapiga makofi mara moja, kisha akaomba asamehewe. Alikuwa mzee wa kanisa. Aliomba kabla ya kipindi na baada ya kipindi, na sikujua katika hizo sala mbili ipi ilikuwa ndefu zaidi.

Watu walipenda kwenda pale, kila mmoja kwa lake. Fundi seremala wa nyumba ya pili, aliyefiwa na mkewe, alisema kwake kuna kimya mno. "Hapa angalau nasikia watu wakigombania sufuria." Mama Faraja alikuwa mkweli zaidi: "Mimi naangalia ili nione na wenzangu wanavyoaibika. Nikirudi nyumbani naona mambo yangu si mabaya sana." Tulimcheka, lakini mimi nilijua amesema na langu. Nilikuwa msichana wa kuchapa barua za watu wengine, mwenye chumba kimoja na godoro moja. Mtu aliyevaa vizuri akidhalilika kwenye televisheni, nilijisikia nimeongezeka kimo.

Nesi nilimuuliza mara nyingi kwa nini anapenda. Kwa kawaida alijibu, "Nyamaza, tunapitwa." Siku moja tu alinijibu sawasawa.

"Miaka thelathini na moja nimekuwa karibu na watu siku ya uchungu wao mkubwa. Hujui, binti. Wanalia, wanatukana, wanaomba, wanasema yaliyo moyoni. Lakini sikuwahi kuwatazama. Nilikuwa nafanya kazi. Ukitazama uso unasahau mapigo ya mtoto." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Hawa hata wakilia kiasi gani, hawaniiti mimi."

Nililichukulia kama neno la mchezo. Maana yake niliipata Julai moja, siku ya ukungu, umeme ulipokatika katikati ya kipindi. Wengine walisubiri kidogo, wakaona baridi, wakaondoka. Tukabaki wawili tukimenya njegere. Sijui kwa nini alinichagua mimi. Labda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa kwenye bakuli.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, alisema, huko Makambako. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka ishirini na minne. Mdogo wake alipokuwa na mimba ya kwanza alikuja Njombe ili ajifungulie karibu na dada yake. Asubuhi moja shemeji akaja mbio. Nesi hakuwa zamu, alikuwa anaanika nguo. Alimuuliza uchungu unakuja baada ya muda gani, chupa ya maji imepasuka au bado, akaona ni mapema. Akasema, "Mwambie asubiri. Atembeetembee, saa sita nitakuja mwenyewe." Saa nne walimwita tena. Alipofika, kitovu kilikuwa kimemtangulia mtoto kutoka. Mtoto alitoka kimya.

"Nilimwambia asubiri," alisema. "Wanawake wasio ndugu zangu niliwakimbilia bila viatu. Yeye nikamwambia asubiri."

Niliendelea kumenya. Akasema, "Hili sijamwambia mtu," na mimi nikasema, "Limeishia hapa, Nesi." Niliyasema maneno hayo mwenyewe, kwa hiari yangu.

Hayakudumu hata miezi miwili. Kituo kile cha televisheni kilianza kipindi kingine, cha kupatanisha ndugu. Chini ya kioo ilipita namba ya simu na maneno: una ndugu usiyezungumza naye? Nilikuwa nimeona vipindi viwili vya kwanza, watu wakikumbatiana na kulia, muziki ukipigwa, na nilijiambia kwamba Nesi anastahili hilo. Nilijiambia hivyo kweli. Lakini pia nilitaka wale watu waje uani kwetu. Nilitaka kuwa mtu aliyewaleta. Nilitaka kuonekana.

Nikatuma ujumbe wa sauti nikiwa kazini. Kesho yake alinipigia dada mmoja mwenye sauti laini sana. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Ni nzuri, mpenzi, lakini bado ni ya kawaida. Hakuna kitu kinachogusa zaidi? Huyo Nesi alikuwa anafanya nini wakati shemeji yake anamsihi?"

Kuanika nguo nikakuona ni jambo dogo. Nikasema, "Alikuwa anakunywa chai."

Ile sauti laini ikashusha pumzi. "Hapo sawa," akasema.

Tulikubaliana na yule dada tumshtukize. Nesi aliambiwa kuna kipindi kinachowaenzi wakunga wa zamani. Siku mbili kabla, alitoa sare yake nyeupe kwenye sanduku, akaifua, akaipiga pasi, akaniuliza kama kola imekaa. Nikamwambia imekaa. Walikuja asubuhi, wapiga picha wawili na mtangazaji, wakamkalisha uani kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Mtaa mzima ulikuwa umejipanga ukutani. Mimi nilipewa sinia la viazi niwapitishie wageni, na nilikuwa nimevaa gauni jipya.

Walimuuliza ya kazi, akajibu vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha mlango wa gari ukafunguliwa akateremka mama mwembamba, mfupi kuliko Nesi, mwenye paji la uso lilelile. Nesi alisimama. Nilitegemea wakumbatiane. Nilikuwa nimekwisha kuanza kutabasamu.

"Umevaa sare," mdogo wake alisema. "Mwanangu yuko chini ya ardhi na wewe umevaa sare."

Mtangazaji alisogeza kinasa sauti. "Nesi, ni kweli ulikuwa unakunywa chai wakati shemeji yako anakusihi uje?"

Yule mama aligeuka kumtazama mtangazaji, kisha dada yake. Ilionekana wazi kwamba hilo la chai hakuwahi kulisikia, na kwamba limemwingia mahali ambapo hapakuwa na nafasi tena. "Chai?" akasema. "Ulikuwa unakunywa chai?"

Nesi hakumtazama yeye wala mtangazaji. Alinitazama mimi na sinia langu. Haukuwa muda mrefu. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesoma kadi ya mgonjwa, "Nilimwambia asubiri. Hiyo ndiyo kweli." Akaingia ndani, akafunga mlango. Kamera zilibaki kwenye mlango ule mpaka zikachoka. Mdogo wake alirudishwa kwenye gari akiwa ameshikwa huku na huku, mabega yakimtikisika.

Chai hakuikana. Angeweza. Ila angelazimika kusema nani kaizua, mbele ya mtaa mzima, na yeye hakuwa mtu wa kutoa siri ya mtu, hata ya aliyemuuza.

Kipindi kilirushwa wiki tatu baadaye, Jumapili. Kwa Nesi televisheni ilikuwa imezimwa na mlango umerudishwa. Watu walijaa kwa Mama Faraja. Nami nilikwenda. Ningeweza kusema nilikwenda kuona uharibifu nilioufanya, lakini si kweli. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuangalia. Mama Faraja aliponyamazisha watoto nilisogeza kiti mbele. Nilijua kila kitakachotokea, hata hivyo moyo ulinienda mbio kama sijui. Muziki ulipoingia pale Nesi anaposimama, nilisikia ladha yake, ile ileile ya Jumapili zote. Halafu nikajiona: sekunde mbili, gauni jipya, sinia mkononi. Fundi seremala akasema, "Eh, na wewe umo!" na mimi nikacheka. Jioni kipande kilipoanza kupita kwenye simu za watu nilikipata, nikakirudisha nyuma mara nane ili nione zile sekunde mbili.

Baada ya hapo akina mama waliokuwa wakimpelekea watoto wachanga awatazame walianza kupita njia ya juu. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri na kumkwepa. Uzee wa kanisa aliuacha mwenyewe kabla hajaulizwa, akawa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kipindi cha nyumba kiliendelea bila yeye, na watu wakahamia kwa Mama Faraja moja kwa moja.

Mimi aliendelea kunisalimia. "Umeamkaje, binti." "Njoo uchukue mboga." Sauti ileile. Angenifukuza, ningepata pa kuweka mzigo wangu. Nilianza kutoka alfajiri na kurudi jioni kwa kunyemelea ukuta. Mwisho nikamwambia nimepata chumba karibu na kazini. Akanisaidia kukunja godoro na kulifunga kamba, kwa goti, kwa nguvu, kama alivyofanya kila kitu. "Usiliweke sakafuni," alisema. "Njombe hii sakafu inakula mifupa."

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha nilikutana na fundi seremala stendi, akaniambia Nesi amehama, yuko Makambako. Mdogo wake alikuwa amepigwa na kiharusi. Mume amekwisha kufa, watoto wako Dar, majirani wakakumbuka kwamba mama huyu ana dada nesi, walimwona kwenye televisheni. Wakampigia. Alifunga nyumba siku hiyohiyo. Fundi alinielekeza kwa makini: baada ya kuvuka reli, nyumba ya tatu yenye uzio wa mabanzi. Maelekezo hayo nilikaa nayo miezi minne. Nilikuwa nimekwisha kuanza kujiambia kwamba basi, Mungu ana njia zake, kumbe niliwapatanisha.

Mwaka huu mwezi wa tano bosi alinituma Makambako kupokea katoni za karatasi. Gari lilichelewa. Nikachukua bodaboda mpaka relini, nikashuka, nikatembea.

Alikuwa uani anafua mashuka. Amepungua. Hakushtuka. Alikausha mikono kwenye khanga, akanipa mkono.

"Kamwene, binti."

"Kamwene, Nesi."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Njombe, nikayasahau yote. Nikasema tu, "Ni mimi niliyewapigia simu."

"Najua. Sikumwambia mtu mwingine." Alikaa kwenye kigoda, akanionyesha cha pili. "Na ya chai nilijua ni yako. Shemeji yangu alikuwa mtu mkweli, asingesema hivyo."

"Nisamehe."

Alitazama mashuka yake kwenye beseni. "Umekuja kwa sababu umesikia niko hapa naye?"

Niliona aibu. "Ndiyo."

"Usije ukajipongeza. Hatujapatana. Yeye hawezi kugeuka kitandani, mimi najua kugeuza watu. Ananiangalia nikimwogesha, hasemi kitu. Siku nyingine anasema, 'Maji ya moto.' Ndiyo mazungumzo yetu." Kisha akaniuliza, kama anauliza hali ya hewa, "Uliangalia?"

"Niliangalia."

"Mara ngapi?"

Nilitaka kusema mara moja. Lakini huyu ndiye aliyekuwa akiwasoma watu shingo. "Nane," nikasema. "Nilikuwa najitafuta mwenyewe."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira. "Mimi sijahesabu. Fundi alinitumia kipande kile kwenye simu, akidhani nitamshitaki mtu. Nimeangalia sana. Unajua kwa nini? Miaka ishirini na minne mdogo wangu hakuniangalia usoni. Misibani alikaa upande mwingine. Mle ndani ananiangalia. Kwa chuki, lakini ananiangalia. Nilikuwa nafika pale aliposema, 'Umevaa sare,' nasimamisha. Kwa hiyo na mimi ni mmoja wa watazamaji wale wale."

Kutoka ndani ilisikika sauti nzito, ya mdomo uliopinda. Nesi akainuka.

"Ile ya chai," alisema, "usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo. Nenda ukamwambie yeye."

Chumba kilikuwa safi, kina harufu ya sabuni na dawa ya kuchua. Yule mama alilala upande, mto nyuma ya mgongo, jicho moja likiwa wazi zaidi ya jingine. Nikapiga magoti karibu ili asihangaike kuninyanyulia macho. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia dada yake hakuwa anakunywa chai siku ile, alikuwa anaanika nguo, na mimi ndiye niliyeiweka chai ili wale watu waje.

Alichukua muda mrefu kuyapanga maneno mdomoni. Nesi alikuwa amesimama mlangoni, na nilitambua kwamba hata yeye alikuwa akisubiri.

"Chai," alisema yule mama. "Nguo." Akapumzika. "Alisema nisubiri."

"Ndiyo," Nesi alisema kutoka mlangoni. "Nilisema."

Jicho lile zima likahama kutoka kwangu likamwendea yeye, likakaa hapo. Sikujua kuna nini ndani yake. Mara moja tu katika maisha yangu niliinamisha uso nisitazame. Nilisikia hatua za Nesi, nikasikia kitanda kikilia, nikasikia akisema, "Shika miguu huko, binti, usikae kama mgeni. Tunamgeuza kwa pamoja nikisema tatu." Nikashika. Miguu ilikuwa ya baridi na myepesi. Tukamgeuza.

Alinisindikiza mpaka kwenye uzio. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikuthubutu kurudia ombi. Nikauliza kama ninaweza kuja tena.

"Jumamosi tunatoa godoro juani," alisema. "Mgongo wangu umechoka. Ukija, njoo mapema."

Jumamosi ile sikwenda. Nilivaa, nikafika mpaka stendi, nikarudi. Nilikwenda iliyofuata, saa moja asubuhi, na nilipofika godoro lilikuwa tayari mlangoni, akiwa ameshika upande mmoja, akivuta peke yake. Nikashika upande wa pili. Hakuniuliza habari ya Jumamosi iliyopita.